Coltrane, ile ilikuwa ibada au muziki tu?

saksitamu: Wakuu habarini, siku hizi nasikiliza sana A Love Supreme, albamu ya mpuliza saksafoni wa jazi John Coltrane, kila ikifika ile sehemu ya mwisho nasisimka mwili mzima na hakuna hata mtu anaimba. Imani yake ilikuwa ipi hasa huyu jamaa?

mpuliza: Mkuu umegusa penyewe. Ile sehemu inaitwa Psalm, yaani Zaburi, Coltrane anasoma kwa saksafoni shairi lake mwenyewe la kumshukuru Mungu, limechapishwa kwenye kava la albamu, lishike ufuatilie mstari kwa mstari na muziki utaona silabi zinakaa kabisa. Mimi nililia.

bintijazi: Na msisahau 1957, heroini na pombe vilikuwa vimemshika mpaka mpiga tarumbeta Miles Davis akamtoa kwenye bendi yake, akaacha vyote, na mwenyewe aliandika kwamba mwaka huo Mungu alimwamsha kiroho, akaomba apewe uwezo wa kuwapa watu furaha kwa muziki. Albamu ikarekodiwa Desemba 1964. Babu zake wote wawili walikuwa wachungaji ila yeye alisoma na dini za Asia pia, hakujifungia.

mzeekinanda: Wanangu, tusiseme kipaji tu, yule alikuwa akishuka stejini anaenda nyuma kuendelea na mazoezi, naona kwake mazoezi na sala ni kitu kimoja. Alifariki 1967 na miaka 40 tu, inauma. Saksitamu sikiliza na wimbo wake Alabama, aliitoa baada ya wasichana wanne kuuawa kwa bomu kanisani Birmingham, jimbo la Alabama kule Marekani, 1963.