MREJESHO: Zabbix ilikuwa inachelewa kumpa msimamizi taarifa

Wakuu, asanteni. Niliuliza kuhusu Zabbix, programu ya kufuatilia mitandao: kwa nini laini ya mtandao ya Kondoa ikikatika, fundi wa zamu hapa Dodoma anapata SMS papo hapo lakini msimamizi anaipata baada ya saa mbili nzima, wakati nilitaka dakika 20.

Zabbix hutuma taarifa kwa hatua, moja baada ya nyingine. Kumbe muda wa kila hatua niliuacha ulivyokuja, 1h (saa moja). Hatua ya 3 husubiri mbili za kwanza ziishe, ndiyo hizo saa mbili. Nimeweka 10m (dakika 10), sasa ni dakika 20. Msimamizi yuko hatua ya 3 hadi 3, yaani anatumiwa mara moja tu. Ukiandika 3 hadi 0 ujumbe haukomi mpaka laini irudi, na salio la SMS litakwisha usiku huohuo.

Hatua hiyo nimeiwekea na sharti: itume tu kama tatizo halijathibitishwa, yaani hakuna aliyeweka alama kwenye Zabbix kuwa ameliona. Fundi akishalipokea, bosi haamshwi bure.