Kopo la majani ya chai la silva, chini lina HB, ni kazi ya nani?

Mtoto_wa_Temeke:
Wakuu za jumapili. Niko huku Uingereza, asubuhi nimepita mnada wa mitumba nikanunua kopo la kuwekea majani ya chai, lina umbo la yai, kifuniko cha bawaba na kitundu cha ufunguo ila ufunguo wenyewe haupo. Mzee aliyeniuzia kasema ni la miaka ya 1780 na fundi wake alikuwa mwanamke. Chini kuna mihuri mitano: simba anatembea, kichwa cha chui kina taji, herufi k ndogo, sura ya mtu ya ubavuni, na HB ya mwandiko wa kuunga. Shida ni hiyo sura, yenyewe imezama ndani wakati mingine yote imetuna. Ndo nishapigwa au?

Kiroboto77:
Umepigwa mkuu pole. Mihuri haiwezi kutofautiana hivyo kwenye chombo kimoja, hapo mtu kagonga kwake uani. Hata EPNS inaweza kuwa hiyo, yani madini ya nikeli yaliyopakwa silva juu tu kwa umeme

Sonara_wa_Mkunazini:
Kiroboto punguza kasi, EPNS ilikuja baada ya 1840 na haigongwi simba huyo. Simba maana yake silva ya 925 (sehemu 925 kwa 1000 ni silva tupu), chui maana yake ilipimwa London, na herufi moja ndogo inaonyesha mwaka. Sura ni ya mfalme George III, iligongwa kuonyesha kodi ya serikali imelipwa, ilianza Desemba 1784 na miaka ile miwili ya mwanzo tu ndo walitumia ya kuzama, anaangalia kushoto, kuanzia 1786 wakaigeuza ikawa ya kutuna. Na k ya London ni 1785 kuingia 1786, kwahiyo hicho kinachokutisha ndo kinakubali tarehe yako. K ndogo ilirudi tena 1825 lakini hapo chui alishavuliwa taji tangu 1821. HB ya kuunga ni Hester Bateman, mjane wa mtaa wa Bunhill Row, London, alisajili alama yake 1761 baada ya mumewe kufariki, akastaafu 1790 akawaachia watoto. Una bahati, kuna herufi za mafundi wengine haziko wazi kabisa, maana daftari la alama za mafundi wa vyombo vikubwa la 1758 mpaka 1773 lilipotea, watu wanakisia tu.

Na hicho kitundu cha ufunguo usishangae, chai ilikuwa ghali, kabla ya 1784 kodi ya chai ilikuwa asilimia 119, ndo ikashushwa hadi 12.5. Mama mwenye nyumba alikuwa anatembea na funguo wasije wakaiba majani 😀

Da_Mwaju:
Sonara kasema kweli ila mimi nisingeamini mihuri peke yake, jina la Bateman linauza sana na watu wanakata kipande chenye mihuri kwenye kijiko cha zamani wanakichomelea kwenye kitako cha kitu kingine. Kipumulie kwa mdomo kama unafuta miwani, ule ukungu ukikaa utaona mstari wa solda kuzunguka mihuri kama upo. Alafu angalia na kifuniko, nacho kinatakiwa kuwa na mihuri japo miwili, kikiwa kitupu au kina fundi mwingine jua kimeokotwa kwingine

Mtoto_wa_Temeke:
Nimepumulia mara kibao hakuna mstari dada, na kifuniko kwa ndani kina simba na HB. Ila mbele katikati ya yale maua ya kuchonga pana duara tupu, nikibonyeza na kidole gumba panabonyea kidogo

Sonara_wa_Mkunazini:
Hapo palikuwa na nembo ya ukoo ikasuguliwa ikaisha, ndo maana pamekuwa pembamba. Kopo ni halali kwa maelezo yako ila bei inashuka kwa hilo, mnunuzi anayejua atabonyeza hapohapo. Ukitaka uhakika wa maandishi wapelekee Goldsmiths' Hall London, ndo ofisi ya kupima na kugonga mihuri ya silva. Na usilisugue lingae, maji ya vuguvugu na sabuni inatosha, hiyo k ikifutika hata mimi sikusaidii

Kiroboto77:
Sawa nimekaa kimya. Ila unauza shilingi ngapi?