SIFE: HR wamerudisha fomu, nesi mkuu anasema hanifahamu

Kutoka: Dada wa Leeds

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nimekwama. Unesi nilisoma Tanzania, kwa Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, huku Uingereza nipo kea homu, nyumba ya kutunzia wazee, kama HCA, yaani msaidizi wa huduma, zaidi ya mwaka sasa na CBT, mtihani wa manesi wa kwenye kompyuta, nimeshapita. Nimepeleka fomu ya SIFE, ile ya mwajiri kuthibitisha Kiingereza chako ili usajiliwe unesi, HR wameirudisha, meneja wangu hayupo kwenye rejista ya NMC, baraza la manesi la huku, na nesi mkuu anasema hawezi kumsainia mtu ambaye hajaongea naye zaidi ya salamu. Mimi nipo upande wa wazee wasiohitaji nesi, yeye upande mwingine, hatukutani. Naanzaje kumzoea mtu kama huyu bila kuonekana nafuata saini tu? Na ile miezi 12 niliyofanya upande huu inahesabika?

Kutoka: Mama wa Reading

Pole mdogo wangu. Mimi niliomba kuhamia upande wa manesi, nikawa natoa ripoti ya zamu mwenyewe badala ya kumwachia mwenzangu aliyezaliwa hapa, na notsi naandika sentensi zilizokamilika, maana ile fomu inataka kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, sasa mtu atajuaje kama hajawahi kukusikia? Halafu nilikuwa namuuliza nesi mkuu kuhusu vidonda vya mgongo, kwa nini leo kabadilisha dawa, vitu nilivyotaka kujua kweli, mpaka akaanza kuniita mwenyewe nikaone. Saini niliomba baadaye sana. Hata nilipoomba kupanda cheo hadi Bendi 6 yeye ndiye aliyeniandikia refarensi, na mama yangu alipofariki ndiye aliyenipigia simu wa kwanza.

Kutoka: Kaka wa Milton Keynes

Kuhama upande si kila mtu anakubaliwa, tusimpe matumaini ya bure. Amwombe yule nesi wa jamii anayekuja kufunga vidonda, si wanaonana kila wiki?

Kutoka: Mzee wa Coventry

Kijana, soma fomu kwanza ndio ushauri. SIFE ni ushahidi wa MWAJIRI, nesi wa jamii si mwajiri wake. Anasaini meneja aliye kwenye rejista halafu mkubwa mwingine naye wa kwenye rejista. Tukipotosha watu humu wanapoteza muda na pesa.

Kutoka: Kaka wa Milton Keynes

Shikamoo mzee, nimekuelewa, ila tusemeshane vizuri. Mimi writing ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nilipata 6.0 wakati wanataka 6.5, nikatumia SIFE hiyohiyo, na matroni alinisainia kwa sababu nilikuwa nashika zamu za Krismasi wenzangu wakiwa na watoto wao na mtu akiugua nabaki, hiyo kazi aliiona. Dada pia anaweza kutafuta zamu za benki, yaani za ziada za kujazia nafasi, hospitalini, viza ya kazi ya Health and Care inaruhusu masaa 20 ya ziada kwa wiki kama kazi ni ya aina inayokubalika.

Kutoka: Mama wa Reading

Masaa 20 juu ya zamu zake atalala saa ngapi? Mimi ninachokumbuka nyumbani ni dada wa wodi, ukifika mpya anakushika mkono, mwanangu njoo uone, usiku mnakula pamoja ofisini. Huku kila mtu na kisanduku chake cha chakula na simu yake. Ndiyo maana lazima uanze wewe, hakuna atakayekuita.

Kutoka: Mzee wa Coventry

Na serikali yetu nayo ituangalie. Wakenya wana uraia pacha tangu Katiba ya 2010, sisi Watanzania mtu akichukua pasi ya huku anapoteza ya kwao, halafu tunaambiwa tuwekeze nyumbani. Inaniuma sana.

Kutoka: Kaka wa Milton Keynes

Hapo nipo na wewe mzee. Jamani, mwenye wakili mzuri wa mambo ya COS, cheti cha mwajiri cha kukudhamini viza, anitumie inbox leo, kuna dada hapa mwajiri wake kafutiwa leseni ya kudhamini wageni, barua imeshafika na siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka zinahesabiwa.