Huyu jamaa wa IT wa ghorofa ya tatu leo amenivua nguo mbele ya watu

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nina hasira mpaka simu inateleza mkononi.

Mnamjua. Sitaji jina, mnamjua. Yule anayetembea na rundo la funguo shingoni kama mlinzi wa gereza. Ukimwita asubuhi anatokea jioni, na akitokea swali ni lile lile: "Umezima ukawasha?"

Kisa chenyewe. Mfumo wetu wa hesabu ukipata sasisho, Windows inatoa kile kidirisha cha kudai nywila ya admini, yaani msimamizi wa kompyuta. Mimi sina. Basi bwana mkubwa anashuka, ananiondoa kitini, anaandika nywila YAKE huku amekinga kibodi kwa kiganja, eti nisichungulie. Sawa. Sasisho likiisha, programu ile ile inaita skripti (faili dogo la amri) ya kukusanya ripoti za mwezi na kuzipeleka diski S ya kwenye mtandao. Hapo ndipo balaa. Skripti inaamka na haki za admini, tena kwa jina lake yeye. Diski S haiioni! Inasema njia haipo, na mimi naiona hapo hapo pembeni, imetulia inanitazama. Ripoti zimeenda kulala kwenye Documents ya jamaa. Nikijaribu kuzifungua, naambiwa sina ruhusa. Ripoti nilizozipika mwenyewe!

Nikamwambia kistaarabu kabisa: kaka, sasisho liendeshe kwa haki zako, ila hii skripti ya mwisho iachie haki zangu za kawaida, haihitaji zaidi. Akasimama. Akageukia ofisi nzima. Akasema:

"Wenzako wanalilia haki, wewe unazikataa?"

Wakacheka. Wahasibu wote. Mama wa chai alikuwa anapita na birika, akaliweka chini ili acheke vizuri. Kuna mgeni alikuja kuulizia choo, naye akacheka, akasahau choo.

Wenzako wanalilia haki, wewe unazikataa! Nimekaa hapa na pangaboi linazunguka linasema hivyo hivyo. Windows Vista ilikuja na vidirisha hivi 2007, na mpaka leo mtu ana vyeti ukuta mzima hajui kwamba skripti kupewa haki kubwa si zawadi. Huyo asipewe nywila, apewe filimbi aongoze magari.

Halafu akaondoka ANACHEKA. Funguo zinalia.

---

Bwana_Kiporo: Pole mkuu. Ila mgeni wa choo amenimaliza 😂😂

Fundi_Chuma: Mbona jambo dogo. Programu yenye haki za admini ikiita nyingine, mtoto anarithi tokeni ya mzazi, yaani kile kibali cha haki zake. Dawa ni kupitia kwa explorer, ile programu ya Windows inayoonyesha desktop na mafolda: usiite skripti moja kwa moja, mwite explorer.exe umpe njia ya skripti. Explorer wa kwenye desktop anatembea na haki za kawaida, na anachokifungua kinakuwa cha kawaida. Raymond Chen wa Microsoft alishaeleza tangu 2013 namna ya kumtumia explorer kwa kazi hii.

Chumvi_ya_Mawe: Fundi hujasoma uzi. Jamaa kaweka nywila YAKE. Akaunti ni nyingine, kwa hiyo explorer atakayeamka ni wa jamaa, si wa mleta uzi. Hapo ni Task Scheduler, kipanga kazi cha Windows: kazi isajiliwe kwa akaunti ya mleta uzi, iendeshwe akiwa ameingia, kile kisanduku cha haki za juu kisiwekwe tiki. Sasisho likimaliza liiite kazi hiyo kwa amri ya schtasks /run. Diski S itaonekana na ripoti zitabaki kwa mwenyewe.

Fundi_Chuma: Nimesoma. Nimesoma haraka.

Mleta uzi: Asanteni kwa darasa, lakini hamjanielewa. ALIGEUKIA OFISI NZIMA. Angeniambia pembeni ningelala.

Mama_Mwajuma: Mwanangu, kwani ulitaka akugeukie nani, ukuta?

Kidagaa: Wa kulaumiwa ni waliotengeneza huo mfumo. Inno Setup, ile programu ya kutengenezea visakinishi, ina runasoriginaluser (endesha kwa haki za mtumiaji wa mwanzo), neno moja tu unaongeza kwenye mstari unaoita skripti, basi. Wamelipwa mamilioni, neno moja limewashinda.

Root_wa_Buza: Nyie wa Windows mnadeka. Kwetu kwenye Linux kuna mtu kila kitu anatanguliza sudo, amri ya kuazima haki za root, yule admini mkuu. Ameendesha skripti ya kujenga mradi kwa sudo, mafaili yote yamekuwa ya root, timu nzima hatuwezi kuhifadhi hata nukta. Ukimuuliza anasema "na wewe weka sudo". Sasa hivi seva nzima ni ya root, sisi ni wapangaji.

Bwana_Kiporo: Wapangaji 😂😂

Dada_Rehema: Mimi nikiburuta faili kutoka folda kulitupia kwenye programu iliyofunguliwa kwa haki za admini, kipanya kinaleta alama ya kukataza. Fundi wetu akasema kipanya kimekufa.

Chumvi_ya_Mawe: Kipanya ni kizima. Windows inazuia dirisha la haki za chini kulirushia vitu la haki za juu. Fungua programu kwa haki za kawaida, uburute.

Dada_Rehema: Tumeshanunua kingine. Kinawaka na taa.

Mleta uzi: Jamani, "wenzako wanalilia haki". Mbele ya mama wa chai!

Mama_Mwajuma: Mama wa chai anakudai?

Mzee_wa_Mita: Samahani wakuu, mmetaja tokeni. Mimi mita inakataa tarakimu zote 20 tangu jana usiku, na friji ina nyama. Nani mwingine kapatwa?

Root_wa_Buza: Ingiza taratibu, usiruke namba.

Mzee_wa_Mita: Nimeingiza taratibu mpaka kidole kimeota sugu.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada tafadhali.

Kidagaa: Mada ipi tena? Mzee, hiyo nyama ni ya ng'ombe au mbuzi?

Mzee_wa_Mita: Mbuzi. Mguu mzima.

Bwana_Kiporo: Mzee upo mtaa gani? Mkaa ninao.