Naomba ushauri: sifa za Amani katika Kidagaa Kimemwozea

Hamjambo wanakikundi. Nafundisha Kidato cha Tatu na nimekwama kwa Amani, mhusika mkuu wa riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Utu wake haunisumbui: mchungaji wa ng'ombe, kibanda duni, na bado anamlea kwa moyo wote mtoto mchanga aliyetupwa kwake. Hapo hata mimi hulengwalengwa na machozi. Tatizo ni msamaha. Mwalimu Majisifu alimwibia mswada wa kitabu alichoandika, naye Amani hakulipiza kisasi. Wanafunzi wanasema huo ni unyonge. Tumezisoma tena sehemu hizo, hawajashawishika. Je, mngetumia tukio gani kuwaonyesha kwamba ni ujasiri? Na mtahini atakubali "msamehevu" na "mvumilivu" kama sifa mbili tofauti?