Nimeweka valvu ya ECC82 mahali pa ECC88, sikio moja likanyamaza

Msikilizaji wa Uyole
Ndugu zangu, naomba msaada. Amplifaya yangu ya hedifoni hutumia valvu moja (chupa ya kioo isiyo na hewa inayokuza sauti) ya ECC88, nami huisikiliza kwa Sennheiser HD 600 zenye ohmu 300. Kwa kuwa nilitamani sauti laini zaidi, nilinunua ECC82, na muuzaji akanihakikishia kwamba maadamu zote zina pini tisa, hubadilishana bila shida. Jana usiku nilipoiwasha, nusu ya valvu iling'aa rangi ya chungwa, nusu ya pili ikabaki giza, na sikio la kushoto halikupata kitu. Je, nimeuziwa valvu mbovu?

Fundi wa Mwanjelwa
Kaka, iondoe, ila subiri kwanza ipoe na chaji ya kapasita iishe, kwa sababu volti zilizomo humo zinaweza kuua. Valvu yenyewe huenda ni nzima. Zote mbili zina triodi mbili, yaani sehemu mbili za kukuza sauti, ndani ya kioo kimoja, lakini filamenti (uzi unaopashwa moto) ya ECC88 hupokea volti 6.3 kwenye pini ya 4 na ya 5, na pini ya 9 ni kinga tu inayotenganisha triodi hizo. Katika ECC82, pini ya 9 ni katikati ya filamenti. Ikiwa amplifaya yako imeunganisha pini hiyo na ethi, pamoja na upande mmoja wa filamenti, basi nusu moja hupata volti zake kamili na nusu nyingine haipati chochote, jambo linalolingana kabisa na ulivyoeleza. Hata soketi ikifungwa upya, ECC88 hukuza takriban mara 33 na ECC82 takriban mara 17, kwa hiyo saketi nzima ingehitaji kupangwa upya.

Mkazi wa Gangilonga
Ukitaka kulinganisha, baki ndani ya jamii ya ECC88: E88CC, 6922, au 6N23P ya Kirusi. Sawazisha ukubwa wa sauti kwa mita kabla ya kuhukumu, maana valvu inayosikika kwa nguvu zaidi, hata kidogo tu, hudhaniwa kuwa bora, na mimi mwenyewe nilidanganyika hivyo kwa miezi kadhaa. Ukinunua iliyotumika, tazama doa la rangi ya fedha juu ya kioo. Likiwa jeupe kama chokaa, hewa imeshaingia. Kisha ugonge kioo taratibu kwa penseli huku sauti ikiwa chini. ECC88 ilibuniwa kwa ajili ya sehemu ya televisheni inayopokea mawimbi, gridi yake (wavu wa nyaya za ndani) ni nyembamba mno, na baadhi yake hulia kama kengele.

Msikilizaji wa Uyole
Asanteni sana. Nimeirudisha ECC88 na masikio yote mawili yanasikia. Ile ya pili nitampelekea fundi aipime.