Nyumba ya Kibokoni 🌙 (watu 31)

ALHAMISI

06:51 Da Rukia: Assalamu alaykum jamaa. Mumeamkaje. Naandika mapema kabla hamujaingia makazini mkanikimbia. Jumapili ni hitima ya arobaini ya Ami Athman, sote tutakuwa Kibokoni. Siku hiyo nataka tumalize habari ya picha. TUMALIZE. Si kuanza.

06:53 Da Rukia: Kila mtu aje na simu yenye chaji, waya wake, na namba yake ya siri kichwani. Omari atakuja na laptopu. Mwenye picha za karatasi azitie kwa bahasha, si mfuko wa plastiki. Kwa joto hili la Mombasa humo zaoga jasho zikagandana.

06:58 Da Rukia: Naona tiki za bluu 14.

07:20 Shee Bamburi: 👍🏾

07:21 Da Rukia: Shee, dole gumba si jibu.

07:44 Kassim Tudor: Wa alaykum salaam. Mahamri yatakuwepo?

07:45 Da Rukia: Kassim.

07:46 Kassim Tudor: Nauliza tu Da Rukia. Hitima bila mahamri na mbaazi huwa mkutano wa chama.

08:10 Mama Salma: Rukia mwanangu, ile simu ya marehemu bado. Mimi niko edani siwezi kwenda kwa fundi. Jana Salma na nduguze wamejaribu tena. Wametia mwaka aliozaliwa, wametia wa harusi yetu, wapi.

08:12 Kassim Tudor: Jaribuni 1999. Ami alikuwa Man U wa kufa

08:13 Mama Salma: Ndiyo ya kwanza tuliyotia 😂😢

08:13 Mama Salma: Sasa yasema tungoje saa moja.

08:14 Omari: MSIGUSE

08:14 Omari: Ma Salma naomba iwekeni chini. Hiyo ni iPhone, ukikosea mara nyingi yajifunga kabisa, na ikishajifunga haifunguki mpaka ifutwe yote. Mwaweza kuwa mumebakisha jaribio moja.

08:16 Mama Salma: Yallah

08:17 Omari: Kuna kijiujumbe kilikuwa chamjia ati nafasi ya iCloud imejaa?

08:19 Mama Salma: Kila siku. Alikuwa akikifunga kwa kidole, aendelea na gazeti lake.

08:21 Omari: Basi ndiyo hiyo. Ya bure ni GB 5 tu. Zikijaa, picha mpya hazipandi. Zilizopanda zamani huenda ziko, za karibuni zimo humo humo kwa simu. Angekuwa ameandika mtu wa kurithi akaunti kwenye setingi ingekuwa afadhali. Sasa ni makaratasi, tena mengi.

08:40 Da Rukia: Mwaona? Mimi napiga kelele mwasema Rukia apenda ukubwa. Idd zote hizi tatu Ami ndiye aliyekuwa akipiga picha, sisi twakaa tukitabasamu. Nani ana nyingine?

08:52 Zainab Changamwe: Mimi nna alizotuma humu.

08:55 Omari: Da Zainab, za humu zimekamuliwa. WhatsApp yazikamua kama nazi, kilichokufikia wewe ni chicha. Tui limebaki kwa aliyepiga. Ukitaka ifike nzima itumwe kama dokumenti, si kama picha.

08:56 Kassim Tudor: Omari na wewe wazijua nazi? Wewe si wa tui la pakiti

09:01 Zainab Changamwe: Haidhuru. Zangu mimi zajipandisha zenyewe Google. Mimi nishamaliza, mnisamehe Jumapili.

09:03 Omari: Na simu ikijaa huwa wafanyaje?

09:03 Zainab Changamwe: Nafuta

09:04 Omari: Wafutia wapi?

09:04 Zainab Changamwe: Hapo hapo kwenye picha

09:06 Omari: Da Zainab… ukifuta hapo yafuta na kule juu. Ni kitu kimoja hicho, si nakala mbili. Zakaa debe la taka siku 60, kisha zaenda moja kwa moja. Kuna pahala pengine pa kubonyeza, pa kupunguza nafasi ya simu peke yake.

09:07 Zainab Changamwe: Subhanallah. Nimefuta za Mei zote

09:07 Omari: Mei hii?

09:09 Zainab Changamwe: Ya mwaka jana

09:10 Kassim Tudor: Tuzisomee na hizo Jumapili

09:11 Mjomba Feisal: Kassim, adabu. Mjane yumo humu.

09:12 Kassim Tudor: Samahani Ma Salma.

09:14 Mama Salma: Mwache, marehemu angecheka.

09:30 Halima Likoni: Niko feri, nimesimama kwenye jua nasoma juu. Za kwangu ziko kwa ile Gmail ya zamani, ya laini iliyopotea.

09:32 Omari: Umeingia humo lini mwisho?

09:33 Halima Likoni: Enzi za korona

09:34 Omari: Google akaunti isiyoguswa miaka miwili yaweza kufutwa na vyote vilivyomo. Ukifika nyumbani jaribu leo leo.

09:36 Shee Bamburi: Lakini si ilikuwa bure hii vitu?

09:38 Omari: Ilikuwa bure bila kikomo kwa picha zilizobanwa, mpaka 1 Juni 2021. Kutoka hapo ni GB 15, na humo mna barua pepe zako na, kwa wenye Android, bekapu ya WhatsApp yenyewe. Kwa hivyo Kassim, zile klipu zako za "Ijumaa Karim" za dakika tatu tatu ndizo zatulia nafasi.

09:39 Kassim Tudor: Zile zina thawabu

10:02 Da Rukia: Mumemaliza? Haya, mpango. Nakala TATU. Vitu aina MBILI. MOJA ikae nje ya nyumba. Si maneno yangu, ndivyo wafanyavyo wapiga picha wenyewe. Diski mbili za terabaiti moja, nimeuliza Digo Road nimeambiwa 7,500 kila moja. Moja yakaa Kibokoni, ya pili kwa mtu mbali na Mji wa Kale, kukishika moto huku kule kuko salama. Ya tatu ni albamu ya ukoo ya Google, nitatuma linki. Flashi sitaki, hizo za kubebea nyimbo. Watu 31 kwa 500 ni 15,500. Hiyo 500 ya juu ni nauli ya Omari. Tumeni kwangu LEO.

10:05 Kassim Tudor: Ile ya kukaa mbali mpeni Mbwana 😂😂😂

10:05 Halima Likoni: 😂😂

10:06 Swaleh: 😂

10:06 Salma: 😂😂😂

10:07 Da Rukia: Ahaa, kumbe muko hai.

10:31 Mbwana Mtwapa: Miaka minane sasa. Diski ilianguka. Vitu huanguka.

10:33 Zainab Changamwe: Ilianguka kutoka wapi Mbwana? Waambie. Harusi yangu ilikuwa juu ya friji.

10:38 Mbwana Mtwapa: Na mimi nilisema humu humu, nakala moja haitoshi, tutoe elfu tano tununue ya pili. Nani alijibu ati Mbwana ataka kujinunulia diski kwa pesa za ukoo? Pandeni juu mukasome.

10:39 Mbwana Mtwapa: Na diski ni mtambo, haina roho. Albamu ya kijani je? Ile ilianguka kutoka wapi? Mbona hiyo haichekwi?

10:41 Da Rukia: Mbwana hiyo tuiache.

10:41 Mbwana Mtwapa: Mimi nimeachwa?

10:44 Shee Bamburi: Ujumbe huu umefutwa

10:45 Kassim Tudor: Jua kali leo jamani

13:08 Bibi: 🎤 Sauti (2:11)

13:10 Da Rukia: Swaleh tuandikie alivyosema, wengine wako kazini.

13:26 Swaleh: Naandika vile vile, nimekaa naye hapa.

"Albamu haitoki mlangoni. Ilitoka mara moja ikarudi na nafasi tisa. Nimezihesabu. Vile vipembe vya karatasi vimebaki vinne vinne, na palipokuwa na picha ukurasa bado mweupe, kandoni umegeuka rangi ya chai. Mwenye kutaka aje apigie hapa mkekani, mbele yangu. La pili, zile za kesha na za kupambwa. Tuko vichwa wazi, na aliyetupiga ni mwanamke mwenzetu, tukijua zakaa kashani. Nusu yetu wako makaburini, hamuwezi kuwauliza. Hazipandi huko juu kwenu. La tatu, mwahangaika na picha na waliomo hamuwajui. Nyuma mna mkono wa babu yenu, kaandika kila mmoja na siku yake. Hakuna hata mmoja wenu aliyekuja kuniuliza yasemaje. Na mimi jicho la kushoto lishafunga."

14:02 Mjomba Feisal: Tumesikia mama.

14:03 Halima Likoni: Tumesikia Bibi 🙏🏾

14:03 Salma: Sawa Bibi

14:09 Da Rukia: Sawa Bibi. Utuwie radhi.

14:30 Omari: Kwa kweli Bibi yuko sawa hata kwa ufundi. Albamu ya linki, yeyote aliyeipata linki aingia. Ikishatumwa humu, kesho iko Muscat, keshokutwa kwa shoga ya mtu.

14:33 Da Rukia: Basi za kina mama ni diski peke yake, ifungwe kwa paswadi. Nyingine zote Google. Omari utaziskani Jumapili baada ya

14:33 Da Rukia: Ngoja. Omari ni mwanamume.

14:34 Kassim Tudor: Kila siku mwajua leo?

14:35 Omari: Mimi sigusi hizo, nina akili zangu. Salma atazipiga kwa simu. Karibu na dirisha, si juani, flashi imezimwa, simu sawasawa juu ya picha isilale upande. Akipiga mbele apige na mgongo, yale maandishi. Kisha zihamie diskini, kwa simu zifutwe mpaka debe la taka.

14:36 Salma: Simu yangu yajipandisha yenyewe Google

14:36 Omari: Basi uizime hiyo KABLA ya kupiga ya kwanza

14:37 Salma: Yazimwa wapi?

14:38 Omari: Nakuja kwako inbox

14:50 Mama Salma: Na paswadi ashike nani? Isije ikawa kama ya marehemu.

14:51 Da Rukia: Mimi.

14:55 Zainab Changamwe: Wawili basi. Kila mmoja na karatasi yake.

14:56 Da Rukia: Wewe na nani?

15:40 Halima Likoni: Nimefika. Gmail yataka kutuma namba kwa laini isiyokuwepo. Lakini nimepata kitu. Ile ya Babu na Ami Athman wakiwa vijana, waliyopigwa pale feri, pazia la nyuma lina ndege yapaa na wao wameshika begi kama wasafiri. Imeingia ukungu pembeni, kwenye kiatu cha Ami. Naipangusa na kitambaa cha maji sasa hivi.

15:40 Omari: USIPANGUSE

15:41 Omari: Maji yaondoa picha yenyewe, si ukungu tu. Iache ikauke kwa bahasha ya karatasi, njoo nayo hivyo hivyo.

15:52 Halima Likoni: Nimepangusa kidogo tu. Kiatu kimoja.

15:53 Kassim Tudor: Ami sasa ni wa mguu mmoja

15:58 Mama Salma: 😂😂 Niletee nikione hicho kimoja.

18:47 Da Rukia: Waliotoa: Mjomba Feisal (2,000, Mungu akuzidishie), Halima, Omari, Salma, Mbwana. Kassim ametuma 200.

18:49 Kassim Tudor: Hiyo ni bahasha, 300 ni ya picha ikija

18:50 Da Rukia: Na diski ya pili itakaa kwa nani? Sijajibiwa.

18:51 Da Rukia: Tiki 22.

19:15 Mbwana Mtwapa: Mimi nimetoa 500. Kuweka siweki, hata mkinilipa.

20:10 Mjomba Feisal: Tutaonana huko tutazungumza.

23:38 Fatma Muscat: Assalamu alaykum. Samahani nilikuwa zamu, nimesoma yote sasa. Zile tisa, mimi nna mbili.

23:39 Fatma Muscat: Nilipewa.

23:41 Da Rukia: Ulipewa na nani?

23:41 Da Rukia: Fatma

23:47 Da Rukia: Shee uko macho?

IJUMAA

06:38 Kassim Tudor: Sabahalkheri. Kwa hivyo mahamri ni nani?

06:55 Da Rukia: Waliotoa mpaka sasa 7. Fatma nimekupigia mara tatu.

07:02 Swaleh: Bibi auliza, mbili zipi.